Maji ya saratani kifuani: mama aendelee kuchomwa sindano hospitalini, au awekewe mrija wa kukaa nao nyumbani?

Kifungua Mimba (Morogoro)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Naomba ushauri wa watu waliouguza au waliohudumia wagonjwa wa aina hii, kwa sababu sisi watoto tumekaa vikao viwili na bado hatujaelewana.

Mama yetu ana umri wa miaka 61 na anaugua saratani ya titi la kulia, ambayo mwaka huu imefika kwenye utando unaofunika pafu la upande huohuo. Maji yalipopelekwa maabara yalikutwa na chembe za saratani, na kifua kikuu kilitafutwa hakikuonekana, kwa hiyo hilo tunaona limekwisha. Tatizo ni kwamba katika wiki saba ametolewa maji mara nne. Kila mara tunampeleka Dar es Salaam, anachomwa sindano mgongoni, inatoka lita moja au zaidi kidogo, anarudi akiwa anaongea na kucheka, na siku ya nane au ya tisa anaanza tena kulala ameketi kwenye kiti, amekumbatia mto, akikatisha maneno katikati ili avute pumzi.

Safari ya mwisho daktari alitueleza njia mbili. Ya kwanza ni kulazwa siku kadhaa, maji yatolewe yote kwa bomba la kifuani, kisha uingizwe unga wa talki ili utando wa pafu ugandane na ukuta wa kifua na pasibaki nafasi ya maji kujaa. Ya pili ni kuwekewa mrija laini unaobaki kifuani kwa wiki au miezi, ambao ncha yake inatokea nje ubavuni, na sisi wenyewe tukafundishwa kutoa maji nyumbani kwa chupa maalumu. Mimi naelekea kwenye mrija, dada yangu anaogopa, na mjomba anasema maji yakizoeshwa kutolewa ndipo yanapozidi kuzaliwa, tena yanaondoka na nguvu za mgonjwa.

Je, maneno ya mjomba yana ukweli? Mrija ukikaa muda mrefu hauleti usaha? Anaweza kuoga? Na liko jambo moja ninaloona haya kuliandika: mimi ndiye ninayeishi na mama, nami ni mwanamume, na mama amesema waziwazi kwamba hatamfunulia kifua mwanawe wa kumzaa. Wenzetu mlifanyaje?

Sista wa Wodi ya Kifua (Mombasa)

Pole kwa kuuguza, kaka, na umfikishie mama salamu zangu. Nimekuwa muuguzi wa wodi ya kifua kwa miaka mingi, na nitajibu kwa kadiri ya ninayoyaona wodini, ingawa neno la mwisho ni la daktari aliyempima mama mwenyewe.

Swali la kwanza ambalo daktari yeyote atauliza ni kama pumzi hurudi maji yanapotoka, na wewe umeshalijibu uliposema kwamba hurudi akicheka. Hilo si jambo dogo, maana wako wagonjwa ambao hutolewa lita nzima na pumzi ikabaki vilevile, kwa kuwa kinachowabana si maji bali ni saratani ndani ya pafu lenyewe, au damu iliyoganda kwenye mishipa ya mapafu, au upungufu wa damu, na hao mrija hautawafaa kitu. Swali la pili hujaligusa, nalo ndilo linaloamua kati ya talki na mrija: baada ya maji kutoka, je, eksirei inaonyesha kwamba pafu limefunguka na kugusa ukuta wa kifua? Talki inafanya kazi ya gundi, na gundi haiunganishi mbao mbili zisizogusana. Ikiwa pafu limevikwa gamba la saratani au la makovu na limeshindwa kutanuka, kumtilia mama talki ni kumtesa bure, na hapo mrija ndio njia. Muulizeni daktari kwa maneno hayohayo, na mwombeni awaonyeshe picha.

Sasa nije kwa mjomba. Maji hayazoei kutolewa. Mtu mwenye afya ana vijiko vichache tu vya maji kati ya tando mbili za pafu, ambayo hutengenezwa na kufyonzwa wakati wote ili pafu liteleze bila kukwaruzana. Saratani ikikaa juu ya utando huo inauvujisha zaidi na papo hapo inaziba vijinjia vya limfu vinavyofyonza, kwa hiyo maji yatajaa, yatolewe yasitolewe, na yakiachwa yatajaa mahali ambapo pafu lingetanukia. Lakini nisimvunjie heshima mzee wenu, kwa sababu kwa upande wa nguvu hakukosea kabisa: maji hayo yana protini nyingi, na mgonjwa anayetolewa nusu lita kila siku kwa wiki nyingi anapoteza kitu ambacho hakina budi kurudishwa kwa chakula. Wodini kwetu tunahimiza mayai, samaki, maharagwe na uji wa maziwa, kidogokidogo mara nyingi, kwani tumbo lililojaa nalo hubana pumzi.

Mrija wenyewe ni wa silikoni na unene wake ni kama milimita tano. Huwekwa kwa ganzi mgonjwa akiwa macho, kwa kawaida chini ya saa moja, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Daktari huyatafuta maji kwa ultrasaundi, halafu huupitisha mrija chini ya ngozi kwa sentimita kadhaa kabla haujaingia kifuani. Katika sehemu hiyo iliyo chini ya ngozi mrija una pete ya kitambaa, ambayo nyama huota na kuishika kwa muda wa wiki chache, na pete hiyo ndiyo inayouzuia usichomoke na kuvizuia vijidudu visipande. Ncha ya nje ina vali inayojifunga yenyewe na kufunguka tu inapochomekwa kiunganishi chake. Kwa hiyo asitokee fundi wa nyumbani akachomeka bomba la sindano au kitu kingine chochote, maana vali ikiharibika hewa itaingia kifuani.

Usaha unaweza kutokea, ila si mara nyingi kama watu wanavyodhani. Mwaka 2013 zilichapishwa kumbukumbu za wagonjwa 1,021 wa vituo 11 waliowekewa mirija ya namna hii, na waliopata maambukizi ya ndani ya kifua kutokana na mrija walikuwa pungufu kidogo ya 5 kwa kila 100, tena kwa wengi wao maambukizi yalidhibitiwa kwa antibiotiki. Dalili za kuwapeleka hospitali bila kungoja ni homa, wekundu unaosambaa kuzunguka tundu, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, na maji kubadilika yakawa mazito, ya ukungu au yenye harufu. Ikiwa anaendelea na kemo (dawa za kuua saratani), mrija peke yake si sababu ya kuisimamisha, ila timu ya kemo lazima ijue kwamba anao.

Usidhani pia kwamba moja ya njia hizi mbili ni ya wanyonge. Utafiti uliofanywa Uingereza kwa wagonjwa 106 na kuchapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba baada ya wiki sita nafuu ya pumzi ilikuwa sawa kwa makundi yote mawili. Waliotiwa talki walikaa hospitalini kwa takriban siku nne za mwanzo, na wengi zaidi kati yao walihitaji kushughulikiwa tena kifuani baadaye. Kwa upande mwingine, wenye mrija walikuwa na matatizo mengi zaidi ya mrija wenyewe. Ni kuchagua mzigo upi mnaweza kuubeba.

Ama kuhusu haya ya mama, mwelezeni daktari kabla ya siku ya kuweka. Ncha inaweza kutokea ubavuni kwa mbele, mahali ambapo mama anaiona na mkono wake unafika, mbali na ngozi iliyopigwa mionzi au yenye vidonda. Hapo anaweza kufunga kanga kifuani akaacha wazi eneo la kiganja tu, na wako akina mama wanaojitolea maji wenyewe wakisaidiwa kushikiwa chupa.

Bi. Mkubwa wa Leicester

Mwanangu, pole. Mimi asili yangu ni Lamu na naishi Uingereza, na marehemu mume wangu alikaa na mrija huo kwa miezi mitano kwa ajili ya saratani ya pafu. Sista ameeleza mambo ya kitabibu, nami nitaeleza jinsi kazi yenyewe ilivyo sebuleni, kwa sababu hilo ndilo lililonitisha mimi kama linavyomtisha dada yako.

Wiki tatu za mwanzo walikuja wauguzi wa mtaa nyumbani, baadaye nikawa natoa mwenyewe Jumatatu, Jumatano na Ijumaa baada ya alasiri. Unaosha mikono, unabandua plasta ya juu, unaukuta mrija umekunjwa kama nyoka juu ya kipande cha sponji. Unavaa glovu safi za kwenye pakiti, unapangusa vali kwa spiriti, unachomeka kiunganishi cha chupa mpaka usikie mlio mdogo, kisha unaachia kibano polepole. Chupa imetolewa hewa kiwandani, kwa hiyo inavuta yenyewe. Maji ya mume wangu yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, yenye povu kwa juu, na nusu lita ilitoka kwa dakika kama kumi. Siku ya kwanza nilifungua kibano chote kwa pupa, akashika bega na kusema kifua kinavutwa kwa kamba. Nikajifunza kwamba kibano kinaweza kufunguliwa nusu.

Kikohozi ndicho kilichokuwa kengele yetu. Pafu linapotanuka na kuanza kugusa mbavu, mgonjwa hukohoa, na wakati mwingine huhisi kichomi. Hapo unafunga, unampumzisha, na kama hakitulii unaacha hata kama chupa haijajaa. Tuliambiwa tusizidishe lita moja kwa mara moja kwa sababu pafu likifunguliwa kwa haraka mno linaweza kujaa maji ndani yake lenyewe. Kila mara niliandika kwenye daftari tarehe, kiasi, rangi, na kama alilala vizuri, na daftari hilo lilimsaidia daktari kuliko maelezo yangu yote.

Kuoga alioga, kwa plasta isiyopitisha maji, chini ya bomba, na kwenu ni kopo na ndoo tu, akielekeza maji upande wa pili. Kujitosa kwenye maji, iwe bahari, mto au beseni kubwa, ndiko kulikokatazwa.

Sasa nikwambie kilichotuumiza. Wiki ya sita maji yalikata ghafla, yakawa matone, lakini mume wangu hakupata nafuu; alizidi kuhema. Nilipiga simu kliniki moja, nikajibiwa kwamba bila shaka maji yamekauka na tusubiri mpaka Jumatatu. Kufika Jumatatu hakuweza kupanda ngazi kwenda chooni. Kumbe mrija ulikuwa umezibwa na nyuzinyuzi za ute ulioganda, wakaingiza dawa ya kuyeyusha, na jioni hiyo zikatoka mililita 700. Shikeni hilo: maji yakikata na pumzi ikawa nzuri, ni heri. Yakikata na pumzi ikabana, mrija umeziba au maji yamejigawa vyumba, na huko ni hospitali, wala msijaribu kuuzibua wenyewe kwa kusukuma maji ya chumvi.

Mtoto wa Tatu (Mwanza)

Naheshimu maelezo ya waliotangulia, lakini mimi nitasema upande ambao haujasemwa. Baba yetu aliwekewa mrija huo katika hospitali moja, na kazi ya kuuweka ilikuwa nzuri kabisa. Tulipewa chupa kumi pamoja na mrija, na hakuna aliyetufafanulia kwamba kila chupa hutumika mara moja tu na kutupwa. Wiki ya nne zikaisha. Tulizunguka maduka ya vifaa vya hospitali, tukaambiwa ziagizwe Nairobi, na baba akakaa siku tisa na mrija ubavuni usio na cha kuunganishwa nacho, pumzi ikibana kana kwamba hakuwahi kuwekewa kitu. Wazo la kuunga mfuko wa mkojo lilitujia, tukakuta hauingii kwenye vali ile, na ninashukuru kwamba hatukulazimisha. Mwishowe daktari mwingine alitupatia bomba lenye kiunganishi cha aina hiyohiyo pamoja na mfuko unaowekwa chini ya usawa wa kitanda, maji yakawa yanashuka yenyewe polepole bila kuvutwa. Yalichukua muda mrefu zaidi, lakini baba alisema hayaumi kama ya chupa.

Kwa hiyo, kaka, usiulize bei ya mrija peke yake. Uliza bei ya chupa, zidisha kwa tatu kila wiki kwa miezi mitatu, uliza nani anazileta na anachukua siku ngapi, uliza kama kuna mfuko unaoingiliana na vali hiyo, na kama mna bima ya afya uliza kwa maandishi kama inalipia chupa za kutumia nyumbani au inaishia kwenye kuweka mrija tu. Kama pafu la mama linafunguka vizuri na yeye ana nguvu ya kulazwa siku chache, mimi binafsi ningeanza na talki. Baba yetu pafu lake lilikuwa linafunguka, na hakuna aliyetuuliza tunaishi umbali gani na duka la chupa.

Kifungua Mimba (Morogoro)

Nawashukuru nyote. Leo nimempigia daktari. Amesema eksirei ya mwisho inaonyesha pafu limefunguka sehemu ya juu tu, ile ya chini imeshikwa, na kwamba kwa hali hiyo hatarajii talki ishike. Chupa zinapatikana Dar es Salaam kwa kuagiza, na wana mifuko ya kuteremshia maji kama alivyoeleza ndugu wa Mwanza, kwa hiyo tumekubaliana tununue akiba ya miezi miwili kabla ya siku ya kuweka. Mke wangu amejitolea kufundishwa, na mama akamjibu, “Wewe sawa, mkwe, lakini huyo akae barazani.” Basi nitakuwa mwandishi wa daftari.

Nimebakiwa na maswali mawili. Tutoe kila siku, au tusubiri mpaka pumzi ibane? Na mrija huu huwa unatolewa, au ndio wa maisha?

Sista wa Wodi ya Kifua (Mombasa)

Mama ameshaanza kutania, hiyo ni dalili njema.

Kuhusu mara ngapi, inategemea mnatafuta nini. Maji yakitolewa kila siku, tando hukaa karibu na wakati mwingine hugandana zenyewe bila talki. Katika utafiti mmoja wa wagonjwa 149 uliochapishwa mwaka 2017, hilo lilitokea kwa asilimia 47 ya waliotolewa kila siku, na kwa asilimia 24 ya waliotolewa kwa kuruka siku moja. Mwaka uliofuata ulitoka mwingine, wa wagonjwa 87, uliolinganisha kutoa kila siku na kutoa pumzi inapobana tu, na humo nafuu ya kuhema haikutofautiana. Zingatia kwamba tafiti hizo ziliwahusu zaidi watu ambao mapafu yao yalikuwa yanafunguka. Kwa mama, ambaye sehemu ya pafu imeshikwa, nafasi ya kugandana ni ndogo, na kuvuta kila siku kunaweza kumletea maumivu na kuwamalizia chupa bila faida. Mimi ningemwomba daktari mwanzo wa kutoa mara mbili au tatu kwa wiki, halafu mfuate pumzi yake, na mfuko ule wa kushuka wenyewe mwaweza kuona unamfaa zaidi kuliko chupa, kwa sababu pafu lisilotanuka huuma linapovutwa.

Kuhusu kutolewa, ndiyo, hutolewa maji yakikauka. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi ni kwamba mara tatu mfululizo yanatoka chini ya mililita 50, mgonjwa habanwi pumzi, na picha inathibitisha kuwa ndani hakuna maji yaliyojificha. Daktari hutia ganzi, huiachanisha ile pete na nyama, na mrija hutoka. Wengine hubaki nao mpaka mwisho wa maisha yao, na hilo halimaanishi kwamba umeshindwa kazi. Mkiona uvimbe mgumu unaota kwenye njia ya mrija chini ya ngozi, uonyesheni, kwa kuwa saratani huweza kuufuata mrija, na hutibiwa kwa mionzi bila lazima ya kuung’oa.

Jambo jingine ambalo halihusu mrija: kukosa pumzi kwa saratani hakutokani na maji peke yake, kwa hiyo ombeni mapema mkutanishwe na watu wa tiba shufaa, yaani wanaomtuliza mgonjwa mateso. Mofini ya kunywa kwa kipimo kidogo, inayoandikwa na kusimamiwa nao, hupunguza ile hofu ya kuzama ambayo wagonjwa hutueleza, na feni ndogo inayopuliza usoni husaidia kuliko watu wanavyotegemea.

Siku ya kuweka, mkeo aende na mama. Mara ya kwanza aangalie muuguzi akitoa, mara ya pili atoe yeye muuguzi akiangalia, kabla hamjapanda treni ya kurudi Morogoro.